Mkaguzi Namba Kumi na Nne

Odília Furtado alivuta lastiki ya barakoa mara tatu, kama alivyofundishwa siku yake ya kwanza kiwandani: mara ya kwanza taratibu, ya pili kwa nguvu, ya tatu macho yakiwa yamefumbwa ili kidole chenyewe kisikie. Ilikuwa nzima. Akaitia kwenye boksi la zilizopita, akachukua nyingine, na hapo ndipo aliposikia *tap*.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu aliyevunja kijiti kikavu nyuma ya sikio lake. Akaigeuza ile barakoa huku na huku. Lastiki zote mbili zilikuwa zimeshika. Akaitoa tena ile aliyokwisha kuipitisha. Nayo nzima.

"Umeanza tena," alisema Filomena, aliyekaa ng'ambo ya meza ya ukaguzi. "Shingo imekusimama kama mbuzi aliyesikia kisu."

"Hukusikia kitu?"

"Nasikia tumbo langu. Saa nne na nusu na kahawa haijaonekana."

Odília akacheka ili mambo yaishe. Ilikuwa Machi, mvua ya baridi ikipiga madirisha marefu ya kiwanda, na nje mji wa Fall River ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Jengo lile la mawe lilijengwa kwa ajili ya pamba, pamba ikaondoka. Baadaye yakaja mapazia, nayo yakaondoka. Mwaka ule wa ugonjwa, watu mia moja na arobaini walishona barakoa humo kwa zamu tatu, na magari ya hospitali yalipanga foleni mlangoni. Ugonjwa ulipotulia, hospitali zikarudi kwenye barakoa za bei chee kutoka ng'ambo. Sasa walibaki watu thelathini na mmoja, na ghorofa mbili za juu zilikuwa na njiwa.

Normand Thibault, mwenye kiwanda, aliingia akiwa ameshika karatasi juu ya kichwa kama padri na Injili. Alikuwa mtu mrefu, mabega yameinama, na kwa miezi mingi hakuna aliyemwona akicheka. Siku hiyo alicheka.

"Jamani, zimeni mashine kidogo! Alhamisi anakuja mnunuzi wa Washington. Wa ghala la dharura."

Mashine zikanyamaza moja moja.

"Sheria imeshapita, mnajua," aliendelea. "Serikali hairuhusiwi tena kujaza ghala lile kwa vitu vya nje. Barakoa iwe ya hapa. Kitambaa cha hapa, waya wa pua wa hapa, uzi wa hapa, lastiki ya hapa. Na sisi tunavyo vyote! Tukipata oda hii, tuna kazi ya miaka miwili. Tusipoipata," akatazama dirishani, "Mei nafunga mlango. Siwafichi."

"Kwa hiyo tufanye nini, bosi?" Filomena aliuliza. "Tuvae vizuri?"

"Wewe ufunge mdomo siku moja tu, Mena. Hilo litatosha."

Watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokaa na hofu muda mrefu. Normand akaja mezani kwa Odília, akaiweka ile karatasi mbele yake kwa upole.

"Dada Odília, hii ni yako. Mkaguzi mkuu ndiye anayetia sahihi. Kwamba barakoa zetu zitakaa ghalani miaka kumi bila kuharibika. Umri wa lastiki ndio wanaoulizia zaidi."

"Kumi?"

"Fomu yao inataka kumi. Na wenye lastiki kule Karolina wameandika kumi. Sisi tunafuata tu."

"Lastiki ni ya wale wale wa zamani?"

"Wale wale. Nchi nzima hakuna wengine. Baba yangu alinunua kwao, na mimi nanunua kwao." Akampiga begani kidogo. "Alhamisi saa tatu. Njoo na kalamu nzuri."

Akaenda zake. Mashine zikawaka. Na Odília, mkono wake juu ya karatasi, akasikia tena *tap*.

*

Sauti ile aliijua ilikotoka.

Mwaka 2009, baba yake Normand alipata oda kama hii. Serikali ilinunua barakoa kwa malori, ikazitia ghalani, ikaondoka. Odília alikuwa na miaka arobaini na sita wakati huo, meza hii hii, muhuri huu huu wa mpira. Kila boksi alilolikagua alilitilia kikaratasi kidogo cheupe kilichopigwa muhuri: *Mkaguzi namba 14*, na chini yake namba ya bechi, yaani mkupuo mmoja wa barakoa. Ndiyo ilikuwa desturi ya kiwanda. Ukipitisha kitu, namba yako inasafiri nacho. Alijivunia sana jambo hilo. Serikali haikurudi kununua tena, na miaka miwili baadaye kiwanda kikafungwa, kisifunguliwe hadi mwaka wa ugonjwa.

Kisha ikaja Aprili ya ugonjwa. Mdogo wake, Natércia, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee. Hakuruhusiwa kutoka kuonana na watu, kwa hiyo Odília alimpelekea supu ya sukuma na soseji, sufuria imefungwa taulo, akaiacha mlangoni, akasimama kwenye maegesho ya magari. Natércia akaja dirishani, ghorofa ya chini, simu sikioni. Kati yao palikuwa na kioo na kichaka cha waridi kisicho na jani hata moja.

"Leo tumeletewa barakoa za ghala la serikali!" alisema Natércia. "Juzi tulikuwa tunavaa mifuko ya kuchujia kahawa, unajua? Lakini hizi nazo, dada, lastiki zimekauka kama tambi mbichi. Ukivuta, *tap*. Tunazibana na stepla."

Akageuza kichwa amwonyeshe. Kando ya sikio pini ya stepla ilikuwa ikimetameta, na barakoa ilikuwa imekaa wazi shavuni, nafasi ya kupitisha kidole.

"Haijakushika vizuri hiyo," Odília alisema.

"Bora hiyo kuliko mfuko wa kahawa. Ngoja, ngoja, hujaona." Natércia akatoa kitu mfukoni, akakibandika kwenye kioo kwa kiganja. Kikaratasi cheupe. "Soma hapo! Kumi na nne! Si wewe huyo? Boksi limelala miaka kumi na moja, limezunguka nchi nzima, limekuja kunitafuta mimi!"

Akacheka hadi bega likatikisika. Na Odília, pale kwenye baridi, akacheka naye.

"Basi nipo nawe humo ndani," alimjibu.

Baada ya siku kumi na moja Natércia alikufa, wiki ya Pasaka, bila mtu wa kwao kumshika mkono. Makao yaliwapa mfuko wa plastiki: viatu, saa, rozari, kitambulisho cha kazi. Nyuma ya kitambulisho palikuwa na kile kikaratasi. Odília alikichomoa kabla Delmira, binti pekee wa marehemu, hajaufungua mfuko. Akakitia kwenye pochi yake. Miaka minne sasa kilikuwa humo, nyuma ya picha ya komunyo, na hakuna aliyekijua.

Lililomnyima usingizi ni kile kicheko. Mambo mengine aliweza kujieleza: aliyapitisha maboksi yakiwa mapya, lastiki zilikuwa nzuri, kosa si lake bali la waliofunga ghala wakasahau. Lakini alikuwa ameona pini, ameona nafasi ya kidole shavuni, yeye mkaguzi, na alicheka.

*

Jumatano, saa ya chakula, Delmira alikuja kukaa naye. Alikuwa na miaka ishirini na sita, alifanya kazi kwenye mashine ya kuchomelea lastiki, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alivaa sweta la mama yake, lile la kijani.

"Mama mkubwa, watu wanasema wewe ndiye umeshika roho zetu," alisema, akipasua mkate mtamu katikati. "Ukitia sahihi tumepona."

"Watu wana maneno."

"Lakini utatia, sivyo?"

Odília alitafuna muda mrefu kitu kilichokuwa kimeshamezwa.

"Mbona kimya? Mama mkubwa, nikikosa kazi hapa, kazi iliyobaki mji huu ni makao ya wazee. Nami kule siingii. Hata wanipe jengo."

"Najua, mwanangu."

"Basi andika kumi. Ni tarakimu mbili tu."

Kengele ikalia. Odília hakurudi mezani. Alichukua funguo ukutani, akashuka ngazi za mawe hadi chumba cha chini.

Huko ndiko kilikokuwa chumba cha akiba. Tangu zamani, kwa kila bechi, boksi moja liliwekwa kando, ili mteja akilalamika pawe na cha kulinganisha. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na kiwanda kilipofungwa hakuna aliyejisumbua kuyatupa. Taa ilikuwa moja. Chini ya sakafu ulisikika mto, ule uliopitishwa chini ya viwanda na kufunikwa, ukinong'ona kama watu waliokaa nje ya chumba cha mgonjwa. Odília alipita kati ya rafu, kidole kwenye tarehe, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka. 2010. 2009. Bechi ile ile iliyoandikwa kwenye kikaratasi chake.

Akalifungua boksi. Juu kabisa palikuwa na kikaratasi: kumi na nne, wino bado mweusi.

Barakoa zilikuwa nyeupe, safi, hazina hata doa. Ukizitazama ungeapa zimetoka mashineni asubuhi hiyo. Akachukua moja, akavuta taratibu. Ikashika. Akavuta kwa nguvu.

*Tap.*

Safari hii ilikuwa ya kweli. Lastiki ilining'inia kidoleni. Akachukua ya pili. *Tap.* Ya tatu ilivumilia hadi mvuto wa mwisho, ikakatika macho yake yakiwa yamefumbwa. Alipomaliza ishirini, kumi na sita zilikuwa zimekatika. Akakaa juu ya katoni, vipande vimejaa mapajani, na akahisi wazi kabisa kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya rafu, mtu mvumilivu, anayesubiri amalize kuhesabu. Harufu ikamjia ya sabuni ya mikono ya makao ya wazee. Hakugeuka.

"Nimeona, Natércia," alisema. "Nimeona sasa."

Mto ukaendelea kunong'ona.

*

Alimwambia Delmira jioni ile ile, kwenye ngazi za nje, watu wengine wakikimbilia magari yao kwa mvua. Alimwambia yote, dirisha, pini, kicheko. Kisha akatoa kikaratasi.

Delmira alikishika kwa ncha za vidole.

"Ulikitoa kwenye mfuko wa mama."

"Ndiyo."

"Miaka minne. Unakuja kwangu kila Jumapili, unakula, unaniuliza naendeleaje."

"Ndiyo."

"Mama alijua ni wewe?"

"Alifurahi. Alisema boksi limekuja kumtafuta." "Nikamwambia nipo naye humo ndani."

Delmira alisimama pale mvua ikimlowesha nywele, mkono mmoja juu ya tumbo. Odília alingoja tusi. Lingekuwa afadhali.

"Kesho utaandika ngapi?" Delmira aliuliza.

"Sijui. Zile za chini zina miaka kumi na mitano. Za mama yako zilikuwa na kumi na moja. Ni lini zilianza kukauka, hakuna aliyefungua kutazama. Mitano naweza kuiapia. Kumi siwezi."

"Na wakikataa mitano tunafungwa."

"Wakikataa tunafungwa."

Delmira akakikunja kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa sweta la kijani, akaondoka bila kuaga.

*

Alhamisi mnunuzi alifika saa tatu kasoro. Alikuwa mwanamke wa makamo, Bi. Haverkamp, koti limelowa, viatu vya kutembelea maghala. Aligusa kila kitu: kitambaa, waya, uzi. Aliuliza maswali mafupi na kuandika. Normand alimfuata akimfungulia milango hata iliyokuwa wazi.

Kisha wakakaa mezani kwa Odília, na ile karatasi ikawekwa katikati.

"Hapa tu," alisema Normand, akimsogezea kalamu. "Miaka, halafu sahihi."

Odília aliinama chini ya meza, akatoa boksi la zamani, akaliweka juu ya karatasi.

"Odília," Normand alisema polepole, "hilo ni nini?"

"Bechi ya 2009, bosi. Ya baba yako. Lastiki ni ile ile ya Karolina." Akatoa barakoa moja, akamnyooshea mgeni. "Hapa kwetu tunavuta mara tatu, mama. Jaribu."

Bi. Haverkamp akamtazama Normand, akamtazama Odília. Akavuta. *Tap.* Akashtuka, kipande kikamrukia kwenye koti. Odília akamnyooshea nyingine. *Tap.* Na nyingine. Mashine zilikuwa zimenyamaza bila mtu kuamuru. Watu walikuwa wamesimama tu.

"Hizi zilikaa chumba cha chini, kwenye unyevu!" alisema Normand. Uso ulikuwa umemwiva. "Ghala lao ni kavu. Haziwezi kulinganishwa!"

"Zilizokaa kwenye ghala lao zilimfikia mdogo wangu," alisema Odília. "Nazo zilikatika hivi hivi. Alizibana na stepla akaenda kuwalisha wazee."

Filomena alifanya ishara ya msalaba.

Odília akalisogeza boksi, akachukua kalamu. Tarakimu ilitoka wima. 5. Akatia sahihi, akapiga na muhuri wake.

"Fomu inataka kumi," alisema Bi. Haverkamp, bila ukali. "Sitaki kukudanganya. Kipo kiwanda Texas kimeandika kumi."

"Lastiki yao inatoka wapi?"

Mgeni akafunua makaratasi yake.

"Karolina," alisema.

"Basi wavute nao. Sheria yenu inasema mnunue hapa nchini. Vizuri. Lakini mara ya kwanza pia mlinunua hapa. Mlinunua mara moja mkaondoka, sisi tukafungwa, na maboksi yakabaki gizani yana namba yangu. Nunueni kidogo, mama, mrudi. Kila mwaka mtoe za zamani mzipeleke hospitali zingali nzima, mtie mpya. Mkitaka kumi, tafuteni mkaguzi mwingine."

Normand aliegemeza paji la uso mikononi. Bi. Haverkamp alichukua barakoa tatu zilizokatika, akazitia kwenye bahasha pamoja na ile karatasi, akaomba kuitiwa teksi.

"Umetuua," Normand alisema mlango ulipofungwa. Hakupaza sauti. "Umetuua, dada."

Kutoka kwenye mashine yake Delmira alikuwa akimtazama. Kisha akainama, akaendelea kuchomelea.

*

Barua ilikuja wiki ya Pasaka. Oda ilikuwa nusu ya ile waliyoitarajia, barakoa za miaka mitano, zipelekwe ghalani kidogo kidogo kila robo mwaka. Tena kila masika kiwanda kimtume mtu akafungue maboksi na kuvuta. Nusu ya oda ilitosha nusu ya watu. Normand alisoma majina kumi na manne ya wanaoondoka, na jina la Filomena lilikuwa la tatu.

"Kumi na nne tena," Filomena alimwambia Odília, akifunga aproni yake kwenye mfuko. "Namba yako hiyo ina njaa kweli." Kisha akamkumbatia, akamkaza hasa, na Odília hakujua kama amesamehewa au ameagwa tu.

Jumatatu iliyofuata Delmira alihamishiwa meza ya ukaguzi. Aliomba mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha Filomena na sweta lake la kijani, tumbo limegusa ukingo wa meza. Tangu siku ya mvua walikuwa wamesemezana maneno ya kazi tu.

"Nionyeshe," alisema.

"Ya kwanza taratibu. Ya pili kwa nguvu. Ya tatu ufumbe macho."

Delmira akavuta. Taratibu. Kwa nguvu. Akafumba macho, na uso wake ukawa wa mama yake kabisa, hata Odília akatazama pembeni.

*Tap.*

Odília hakusogea. Alikuwa ameshazoea, angengoja ipite kama inavyopita siku zote.

Lakini Delmira alikuwa amefumbua macho. Aligeuza barakoa huku na huku, akaichunguza lastiki ya juu, ya chini. Zote zilikuwa zimeshika. Akatazama nyuma yake, ambako hakukuwa na mtu, ila dirisha na mvua.

"Mama mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakatazamana. Delmira alitia mkono kwenye mfuko wa sweta, akagusa kitu kilichokuwa humo, akautoa mkono mtupu. Kisha akairudisha ile barakoa mezani.

"Basi hii tuivute tena," alisema.